Ukurasa wa Chumba cha Pasi

Mpiga pasi alifuta makombo ya mkate mezani, akafungua kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa fundi simu, akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliulaza mapajani, kama alivyoulaza tangu bomba la mvuke la kiwandani lilipopasuka juu ya meza yake. Kidonda kilikuwa kimepona, ila vidole vilikataa kukunjuka, na kiwanda cha nguo hakina kazi ya kumpa mtu asiyeweza kunyanyua pasi. Meneja alimpa pole na shuka mpya. Bomba nalo lilifungwa kitambaa.

Sasa alikuwa anajifunza kutengeneza tovuti. Masomo yalikuwa ya bure mtandaoni, na mwalimu hakuonyesha uso hata siku moja. Ilisikika sauti tu, ukaonekana mshale unaokimbia kwenye skrini, na kila mara sauti ilisema, "Rahisi, sivyo?" Haikuwa rahisi hata kidogo. Alirudisha video nyuma mara nyingi hivi kwamba mdogo wake akawa anaijibu ile sauti kutoka jikoni: "Rahisi kwako, baba!" Mdogo wake aliitwa Kasuku, kwa vile mdomo wake hauna likizo. Naye alikuwa mpiga pasi, kwenye meza ileile, chini ya bomba lilelile. Dada mtu alijifunza kwa sababu hiyo moja tu: apate kazi, amtoe Kasuku mle ndani kabla bomba halijapasuka tena.

Zoezi la kwanza la maana lilikuwa kutengeneza ukurasa unaoonyesha nyumba yako. Mpiga pasi aliandika kwamba ukuta wa jikoni ni wa kijani, na ukuta wa jikoni ukawa wa kijani.

"Rangi si mbaya," alisema mama yao, akiendelea kumenya vitunguu. "Ila ungeniuliza kwanza."

Siku nyingine alisahau alama moja mwishoni mwa mstari, dirisha likapanda mpaka karibu na dari. Mama akawa anapanda kiti kufunga pazia hadi kosa lilipopatikana. Jirani aliyesikia habari hizo alikuja kuomba asogezewe choo. Mwalimu hakuligusia jambo hili kwenye video yoyote, na mpiga pasi alidhani liko kwenye masomo ya mbele.

Kazi ya kwanza ilitoka kulekule alikotoka. Meneja alipiga simu kusema kiwanda kinataka tovuti, wateja wa nje wanapenda kuwaona watu wanaowashonea. Mpiga pasi alikubali, akaomba jambo moja: Kasuku ahamishiwe kwenye kufungasha.

"Tutaona," alisema meneja. Hiyo "tutaona" yake inajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi pale, lakini mwenye shida huisikia vingine.

Akatengeneza ukurasa wa "Watu Wetu," picha za wafanyakazi chumba kwa chumba. Alikuwa amejifunza kwamba huna haja ya kumpamba kila mtu peke yake. Unawapa watu jina moja la kundi, kisha unaliamuru kundi. Akawapa wote wa chumba cha pasi jina moja, akajisifu moyoni kwa kuokoa muda.

Ukurasa ulikuwa umeshawekwa hewani meneja alipopiga tena. Kwenye picha, mfanyakazi mmoja wa chumba cha pasi aliyeitwa Mama Pacha alikuwa na bendeji shingoni.

"Bomba limemgusa kidogo," alisema meneja. "Mteja akiona ataanza maswali. Mfiche. Usimfute, ni mtu wetu. Mfiche tu."

Mpiga pasi angeweza kukataa. Alifikiria kule kwenye kufungasha, akaandika amri. Amri ya kuficha ni mstari mmoja mfupi, na yeye, kwa pupa ya mwanafunzi, aliielekeza kwa kundi badala ya mtu. Chumba kizima cha pasi kikatoka kwenye ukurasa. Akakumbuka ukuta wa jikoni. Alipotaka kuifuta ile amri, bando la intaneti likaisha. Alikimbia dukani akaongeza, akarudi akihema, na neno la siri likakataliwa. Meneja alikuwa ameshalibadilisha. Alikuwa amependa alichokiona.

Alifika kiwandani roho mkononi. Mlangoni mwa chumba cha pasi alisimama meneja na kikombe chake cha chai. Ndani, pasi zilipanda na kushuka zenyewe, mashati yakajikunja na kupangana, na katikati ya mvuke mtu alikuwa anakohoa. Hakuonekana yeyote. Mkaguzi wa usalama kazini alikuwa anapita katikati ya meza. Aliinama kulikwepa bomba linalotiririka, akaomba radhi alipomkanyaga mtu mguu, kisha akamgeukia meneja.

"Chumba hakina watu," alisema.

"Hakina," alisema meneja.

"Basi hili bomba halina tatizo." Akaaga, akaenda zake.

"Na mdogo wangu?" aliuliza mpiga pasi.

"Yupo. Nani kasema hayupo?"

"Nipo, dada," ilisema sauti ya Kasuku kutoka kwenye meza. "Usilie mbele ya huyu."

Jioni hiyo Kasuku alirudi nyumbani kama kawaida. Mlango ulifunguka, viatu vikavuliwa, kijiko kikainuka kutoka kwenye sahani. Mama alimpakulia na kumgombeza kwa kuchelewa, akiangalia kidogo pembeni ya pale alipokaa.

"Angalau mdomo umebaki," alisema mama. "Ungenyamaza, hapo ndipo ningeogopa."

Lakini Kasuku akaanza kunyamaza. Ukimya wake ulimtisha dada yake kuliko kitu chochote, akawa anapapasa juu ya meza kwa mkono wa kushoto mpaka aguse nguo. Jioni moja aligusa mkono wenyewe, na ngozi ilikuwa imevimba, ina majimaji.

"Lini?"

"Juzi. Bomba."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nilipiga. Walikuja. Hawakujua waangalie wapi."

Kulipokucha mpiga pasi alimpigia meneja, akamsihi awarudishe watu wale kwenye ukurasa. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole. Akasema ana habari njema: kiwanda kinamwajiri moja kwa moja, akae ofisini, aangalie tovuti. "Tuma picha yako. Tunakuweka juu kabisa ya ukurasa. Kutoka pasi mpaka kompyuta, watu wapate moyo."

"Neno la siri nitakuwa nalo mimi?"

"Tutaona."

Mpiga pasi alikata simu, akakaa. Asipokwenda, hataukaribia ule ukurasa tena, na Kasuku atabaki vile alivyo. Akienda, atakuwa picha mikononi mwa mtu anayejua sasa jinsi ya kuficha. Mama alifungua pazia ili mwanga uingie.

"Vaa ile blauzi ya bluu," ilisema sauti ya Kasuku nyuma yake.

Chanuo likainuka kutoka kwenye rafu, likaanza kumchana nywele taratibu, kutoka kisogoni kuja mbele. Mkono uliolishika ulikuwa na joto. Mpiga pasi alikaa wima mbele ya dirisha, akajikaza, akatazama simu. Mama alipiga picha mbili, moja ya kumtumia meneja na nyingine ya kubaki nayo.