Beti Nililomtungia Wifi

Wanawake wenzangu wa Lionja, msiniambie habari ya kusamehe. Mwanangu alifungwa mguu kwa kamba kwenye nguzo, mbele ya wenzake kumi na wawili, na aliyemfunga ni shangazi yake wa damu. Nisamehe nini?

Wifi yangu Sikuzani, dada wa mume wangu Halfani, ndiye alikuwa kungwi wa unyago mwaka ule wa hamsini na moja. Zena wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Sikatai, mtoto ana kichwa kigumu na hatulii. Ukimtuma kisimani anarudi na panzi, ndoo kaiacha hukohuko. Ukimwambia kaa, anauliza kwa nini. Lakini ana roho safi, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Siku ya tatu ya mafunzo, baada ya kumfunga nguzoni ili atulie na kushindwa, Sikuzani akamrudisha kwangu akimvuta mkono. "Hafundishiki huyu," akasema kwa sauti, majirani wasikie. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Akageuka, akaenda zake.

Loo! Msichana asiyechezwa unyago kwetu haolewi, hazikwi kama mtu mzima, na akifungua mdomo penye wanawake anaambiwa nyamaza, mtoto wewe. Angesubiri mwaka mzima, achezwe na vitoto vinavyomfika kiunoni. Halfani alikuwa Nachingwea, anang'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, nishauriane na nani? Nikasema huyu nitamlipa mwenyewe.

Na silaha nilikuwa nayo. Marehemu mama mkwe aliwahi kuninong'oneza kwamba Sikuzani mwenyewe, alipokuwa mwali, alikojoa mkekani kwa kumwogopa kungwi wake, mama akauanika mkeka alfajiri watu wasijue. Basi siku ya kuwatoa wali, wasichana waliokwisha kuchezwa, mwanamke yeyote huingia uwanjani akaanzisha beti, na beti la ngomani halina kesi. Nilitunga langu siku nne, nikitwanga, nikipalilia, nikicheka peke yangu.

Jumamosi ikafika. Wali wakatolewa, vichwa vimenyolewa, miili inang'aa mafuta, kaniki mpya. Zena wangu kasimama nami pembeni, na nywele zake, anachezea ukucha. Sikuzani alikuwa akitutazama tangu asubuhi. Nikasema moyoni, tazama vizuri. Nikaingia uwanjani:

"Kungwi wetu fundi, mkeka ulilowa!
Kungwi wetu fundi, mama kauanika!"

Mara ya kwanza waliduwaa. Mara ya pili wakaitikia, mara ya tatu hata wapiga ngoma walishika mbavu. Sikuzani akasimama katikati kama kuku aliyenyeshewa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, eti? Utamu niliousikia siku ile, wallahi, sijausikia tena.

Akanijia taratibu. Mkononi alikuwa na kaniki moja iliyokunjwa.

"Wifi Mwanawetu, hilo ndilo jibu lako?"

"Jibu la nini?"

"La maneno niliyokutumia juzi. Nilipitiliza siku ile, nikajuta. Nikawaomba makungwi wenzangu wamrudishe mtoto, wakanikubalia kwa taabu. Nikakutana na Zena njiani, nikamwambia, mwambie mama akunyoe, akulete Jumamosi alfajiri, utoke na wenzako. Nimewangoja hadi jua limepanda."

Nikamgeukia Zena. Akajipiga mdomo kwa kiganja.

"Yooo! Nilikuta katapila linang'oa mbuyu, mama. Nikasahau."

Jamani, shangazi mtu alijua mtoto hakai na neno, akamtuma neno zito namna ile! Nikajishusha, nikamwambia wifi, mnyoe sasa hivi, wembe upo. Akatazama nyuma. Makungwi wenzake walikuwa bado wanacheka, mmoja anaigiza kuanika mkeka.

"Mdomo uliomwombea mtoto ndio huu uliouvua nguo," akasema. "Nani atanisikiliza leo?"

Akamfunika Zena ile kaniki mabegani, akaondoka uwanjani peke yake.

Nikainua mkono nimpige mtoto. Hakukwepa, alikuwa anawatazama wenzake wanavyocheza, mguu unafuata ngoma. Kofi nikajipiga mimi, shavuni, mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka.

"Mama," akauliza Zena, "sasa mimi natolewa lini?"