Upande wa Chini wa Keria

Kwa miezi kumi na mmoja hema liliishi sebuleni. Lilikuwa bado ndani ya boksi lake, refu kama kitanda cha mtoto, na kwa kuwa halikuwa na pa kwenda, mke wa mpima ardhi alilitandikia kitambaa cha mezani akaanza kuliwekea vitu: kwanza redio, kisha miwani, kisha dawa. Siku ya mazishi wageni waliweka vikombe vyao juu yake. Wengi hawakujua kilichokuwa chini ya kitambaa, na mpima ardhi hakuwaambia.

Jumamosi hii asubuhi alikikunja kitambaa mara nne, akakiweka kabatini, akampigia simu binti yake.

"Njoo unishikie upande mmoja. Nalipandisha hema leo."

Binti yake alikuwa mshonaji wa mapazia. Mashine yake ya kushona ilisikika ikisimama.

"Unakwenda nalo wapi, Baba?"

"Ziwani."

"Na nani?"

"Njoo unishikie upande mmoja," alisema mpima ardhi.

Boksi lilikuwa na kilo hamsini na nane. Walilikokota hadi mlangoni, na hapo ikabidi wamwite jirani, dereva mstaafu wa lori ambaye mtaa mzima ulimwita Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo. Alikuja na kandambili miguuni na mswaki mkononi.

"Mzee, hili hema au umemweka mwenye nyumba humu ndani?"

"Shika chini, si pembeni."

"Nimebeba saruji miaka thelathini, leo nafundishwa kushika boksi." Alishika chini. "Binti, mwambie baba yako atabasamu, gari lisije likakataa."

Binti alicheka kidogo, kwa adabu. Waliliweka hema kwenye nyasi kando ya gari, Breki akarudi kwake kumalizia meno yake, akiahidi kuja tena wakati wa kunyanyua.

Safari ya ziwani ilikuwa wazo la mkewe. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa posta, na miaka tisa kati ya hiyo aliuza stempu yenye picha ya ziwa moja lenye mawe meupe ufukweni. Aliilamba stempu hiyo mara nyingi kuliko alivyoweza kukadiria, na ziwa lenyewe hakuwahi kuliona. Alitaka kuamka asubuhi, afungue zipu, alione. Chini hakutaka kulala. Nyoka aliwaogopa hata kwenye kitabu. Kwa hiyo walinunua hema la kufungwa juu ya gari, na siku lilipofika mkewe alikwisha kugawa nafasi: "Mimi dirishani. Wewe kwenye ngazi, ukimbie wa kwanza."

Tatizo lilikuwa keria. Gari walilinunua kwa mtu, likiwa na vyuma viwili vilivyokingama juu ya paa, vimepakwa rangi nyeusi na mwenye gari wa kwanza. Kitabu cha gari kilitaja uzito ambao paa lingeweza kubeba. Vyuma havikutajwa popote. Mpima ardhi hakuwahi katika kazi yake kutia sahihi ramani yenye nukta ya kukisia. Aliagiza vyuma vipya vyenye cheti. Duka lilisema wiki tatu.

"Si uvifungue tu uangalie chini yake?" mkewe alimuuliza. "Labda kuna kitu kimeandikwa."

"Nikivifungua, gundi inayozuia maji itakatika, na huu ni msimu wa mvua. Paa litavuja. Tungoje vipya vije, nifungue mara moja."

"Haya, Bwana Milimita. Tungoje."

Wiki tatu zikawa saba, na bado havikuja. Mkewe alikuwa tayari anaumwa. Mwezi wa pili daktari aliwaambia kwamba kama wana safari, waifanye mwezi huohuo. Mpima ardhi alirudi nyumbani akaliandikia duka barua nyingine, kali kuliko ya kwanza.

Mwezi wa tatu binti yake alimkuta jikoni.

"Mama anakwisha, Baba. Wewe unangoja vyuma."

Hakumjibu kwa hasira. Alimtolea karatasi: uzito wa hema, mwendo wa gari, mashimo ya barabarani, na nguvu inayovuta hema kwenda nyuma gari linapokwenda kilomita themanini kwa saa. Hema likichomoka linaweza kumuua mtu aliye nyuma. Yote yalikuwa kweli. Binti aliisoma karatasi hadi mwisho, akairudisha mezani, na hawakulizungumza jambo lile tena. Mwezi wa nne mama yake alifariki. Vyuma vilifika wiki mbili baada ya mazishi.

Tangu hapo mpima ardhi aliishi na huzuni yake kama mtu anayeishi na mzigo aliokwisha kujua uzito wake. Ulikuwa mkubwa, lakini ulikaa mahali pake. Kitu kimoja kilimwezesha kulala: hakukosea. Kwa alichokijua siku ile, lisingewezekana jambo jingine.

Alipanda kwenye kigoda akaanza kufungua keria ya zamani. Bolti zilikuwa nane, kila moja ilimpinga kidogo kisha ikakubali. Gundi ilikatika kwa mlio mdogo, kama plasta inayobanduliwa. Alimshushia binti chuma cha kwanza, akashuka na cha pili mwenyewe, na alipokuwa akikigeuza ili akilaze kwenye nyasi, kidole gumba chake kikagusa kitu.

Kilikuwa kibati, upana wa vidole viwili, kimeshikizwa kwa ribiti upande wa chini na kupakwa rangi pamoja na chuma chote. Chini ya rangi kulikuwa na herufi. Alichukua bisibisi akaikwangua rangi taratibu, akipuliza unga mweusi, mpaka maneno yakajitokeza.

Mzigo wa juu kabisa gari likitembea: kilo 100.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Alikigeuza chuma kuelekea kwenye mwanga, akasoma mara ya tatu, kama alivyokuwa akisoma kipimo kwa miaka yote. Tarakimu haikubadilika.

Hema lilikuwa na kilo hamsini na nane.

Hesabu ilijifanya yenyewe: gari likitembea kilo zilibaki, na likisimama vyuma kama hivi hubeba mara kadhaa ya hapo. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na daftari dogo, na ndani yake ukurasa wa uzito wa usiku, gari likiwa limesimama na watu wamelala: hema, yeye, mkewe. Uzito wa mkewe ulikuwa umekatwa na kuandikwa upya kila waliporudi hospitalini. Sitini na nne. Hamsini na saba. Arobaini na tisa. "Unaona?" mkewe alimwambia siku moja, akishuka kwenye mizani. "Nakupunguzia mzigo. Mwisho utanibeba kwenye mfuko wa viatu." Alipokuwa na hamsini na saba, ule mwezi wa pili, alipanda mwenyewe ngazi za hospitali, ghorofa mbili, akipumzika mara moja tu. Ngazi ya hema ilikuwa na vipago saba.

"Bado?" Breki alikuwa amesimama kwenye uzio, safari hii na viatu. "Hivi vya zamani nivipeleke kwa watu wa vyuma chakavu? Napita huko mchana."

Binti alikuwa upande wa pili wa gari, akisoma karatasi ya maelekezo. Vyuma vipya vilikuwa vimelala kwenye karatasi zao, vinang'aa. Ilitosha kusema ndiyo. Kibati kingeondoka na Breki, kikayeyushwa, na karatasi ile ya jikoni ingebaki kuwa kweli.

Mpima ardhi alipitisha kidole gumba tena juu ya kibati.

"Mzee?"

"Hapana," alisema. "Acha."

Alizunguka gari. Alimpa binti yake chuma, upande wa chini ukiwa juu, akamwekea kidole pale.

Binti alisoma. Midomo yake ilitikisika kidogo kwenye tarakimu. Alitoa kitambaa mfukoni akafuta unga wa rangi uliobaki kwenye herufi, akafuta na pembe zake, akaendelea kufuta hata paliposafika.

"Mama alikuambia uangalie chini."

"Aliniambia."

"Mia, Baba."

"Mia."

Binti aligeuka akatazama ukuta wa nyumba. Mabega yake yalipanda yakashuka mara kadhaa, na mpima ardhi, ambaye hakujua umbali gani ndio sahihi, alibaki hatua mbili nyuma yake. Breki, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtaa, hakusema kitu.

Hatimaye binti alimrudishia chuma.

"Tutafunga vyuma vipi?"

"Hivi," alisema mpima ardhi.

"Na vile vipya?"

"Hivi vinatosha."

Alipaka gundi mpya, akavirudisha vyuma vyeusi pale vilipokuwa, akakaza bolti zote nane. Walinyanyua watatu, Breki akihesabu, wakalisukuma hema juu ya mbao mbili hadi likakaa. Lilipofungwa na kukunjuliwa lilisimama juu ya gari kama nyumba ndogo, dirisha lake la wavu likitazama uzio. Breki aliaga kwa kumgusa mzee begani.

Binti alivua viatu akapanda. Mpima ardhi alimsikia akitembeza vidole kwenye turubai.

"Wameshona mara mbili," alisema toka juu. "Kazi nzuri." Kisha: "Panda, Baba."

Alitoa daftari na penseli.

"Una kilo ngapi?"

Uso wa binti ulitokea mlangoni pa hema, macho yakiwa bado mekundu.

"Sijui. Nilikuwa napima zamani, nikimsindikiza Mama." Alishika ukingo wa mlango. "Sijui, Baba."

Mpima ardhi aliutazama ukurasa, tarakimu zilizokatwa na ile ya mwisho ambayo haikukatwa. Alirudisha daftari mfukoni. Akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza, na gari likazama kidogo upande wake. Alisubiri asikie kama kuna kitu kitakacholia. Juu, binti yake alisogea akakaa karibu na mlango, akiacha wazi nafasi ya dirishani, ile ya mama yake.