Mchango wa Macho

Jumanne maji yalipofika Tassia, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, Mwelu alishuka kutoka ghorofa ya tano na mitungi miwili, na nyuma yake akashuka bibi harusi na mtungi wa tatu. Gauni la bibi harusi lilikuwa limeshika vumbi la ngazi hadi magotini. Wekulo, msimamizi wa ploti, jengo lao la wapangaji, alikuwa ameshika mpira wa maji, akielekeza kila nyumba mahali pake kwenye foleni.

"Huyu bado ako?" aliuliza.

"Bado."

"Wiki ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Basi abebe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa hatuna shamba, tunampa mtungi."

Bibi harusi huyo aliitwa Perez. Alitoka katika kipindi kipya cha runinga kilichoanza Januari na kukatwa baada ya sehemu ya saba, pale padri alipomwuliza kama anakubali. Alivuta pumzi ili ajibu, na wiki iliyofuata, saa ile ile, stesheni ikaonyesha tangazo la nusu saa la mafuta ya kupikia. Kesho yake alibisha kwa Mwelu, kwa sababu hapo ndipo alipoishi mtazamaji wake wa mwisho. Kabla yake alikuwa amekuja Inspekta Hanif, aliyekatwa akiwa amenyoosha kidole ili amtaje muuaji. Kidole hakikushuka tena, na kila alipopita koridoni kiliangusha nguo za watu kutoka kwenye kamba. Majirani walilalamika sana kuhusu nguo.

Mtazamaji mwenyewe alikuwa Mukai, mama yake Mwelu, mwenye miaka themanini na moja. Ploti nzima ilimwita Susu, yaani nyanya, na Mwelu alimwita mwaitu, yaani mama. Mwaka juzi, mwezi wa tatu, ugonjwa ulipomzidi, ndugu walikuja kutoka Machakos, kwaya ikaimba nyimbo zote ilizozijua, na yeye akawaambia wakae kando kwa sababu wanamkinga runinga.

"Mimi siendi popote kabla sijaona kipindi kikifika mwisho," alisema, na watu wakacheka.

Kwao neno la mtu mzima aliye kufani halirudishwi, na Susu alilijua hilo kuliko waliocheka. Wiki mbili baadaye kipindi alichokuwa akikitazama wakati huo kilikatwa. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, moyo wake ulisimama. Muhiba, muuguzi wa zahanati anayeishi mlango wa pili, alimshika kifundo cha mkono, akasubiri, akashika cha pili. Kisha akamwambia Mwelu alete uji, maana mgonjwa alikuwa akiuitisha.

Tangu hapo Susu hakufa wala hakupona. Vidonda vya mgongo havikufunga, kwa kuwa damu haikutembea, lakini kuuma viliuma. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Mwelu alimgeuza, na kila asubuhi mama yake aliuma ncha ya leso ili asipige kelele mbele ya wageni. Mwelu aliomba mama yake apumzike. Halafu aliona haya kwa kuomba hivyo, akaenda kazini na haya zake.

Vipindi vipya vilianza, vikakatwa. Kimoja kilifika sehemu ya nne tu. Wengine waliotoka humo walipata jamaa zao Kware wakahamia huko, lakini Perez na Hanif hawakuandikiwa jamaa.

Mwelu alikuwa karani wa bohari katika kiwanda cha ndoo huko Baba Dogo. Aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda stesheni, akapokewa na bwana mmoja mpole aitwaye Kinyanjui, mpangaji wa vipindi. Akamweleza yote. Kinyanjui alimsikiliza bila kumkatiza, akafungua kompyuta.

"Kile cha harusi kilikuwa na mtazamaji mmoja, mama."

"Ni mama yangu."

"Tunamshukuru."

"Lakini nyumbani tunatazama wanne. Kuna inspekta, na bibi harusi mwenyewe."

"Waliotoka ndani ya vipindi hawahesabiwi," alisema Kinyanjui. "Na wewe je, huwa unatazama?"

Mwelu akafikiri. Saa hiyo huwa jikoni, anamsagia mama yake chakula. Hilo akakubali kwamba ni kosa lake.

Jioni alimsimulia Wekulo kwenye foleni ya maji. Wekulo alifunga mpira kwa fundo, jambo asilolifanya ovyo.

"Si tuchange," alisema. "Kwani mtu akienda hatuchangi?"

Kamati ikaundwa siku hiyo hiyo hapo ngazini, kama inavyoundwa kwa msiba wowote. Muhiba akawa mwenyekiti, Wekulo katibu, na mweka hazina akachaguliwa ingawa hapakuwa na hazina, kwa sababu kamati isiyo na mweka hazina haiaminiki. Kundi la simu likafunguliwa kwa jina la Kumuaga Susu. Kilichochangwa ni macho. Kila nyumba iliahidi nusu saa kila Jumatatu, saa moja na nusu jioni, kwa kipindi kipya ambacho stesheni ilikuwa imeanza kukitangaza. Walioahidi waliandikwa, na wasioahidi walitajwa. Aqsa wa duka la chini aliahidi runinga mbili. Mchango ukavuka hadi Kware, ukapita mtaa wa Pipeline, maana hakuna anayetaka kusemwa kwamba msiba ulipita mlangoni kwake akajifanya amelala.

Kipindi kilihusu ndugu watatu waliogombea duka la viatu. Hakikuwa kizuri. Kulikuwa na baba mkwe aliyerudia kila neno mara mbili, na mvua iliyonyesha upande mmoja tu wa barabara. Watu walikitazama kwa bidii ile ile wanayokula nayo wali wa matanga. Stima zikipotea, waliwasha runinga za betri. Tangazo lilikuwa limesema wazi kwamba kitakuwa na sehemu kumi na tatu, na kilipita ya saba, kikapita ya nane.

Katika sehemu ya kumi Susu alianza kugawa leso zake. Katika ya kumi na moja aliomba asukwe nywele. Perez alimsuka vizuri, mdomo wake ukiwa wazi kwa lile jibu lisiloandikwa. Ndugu wakarudi kutoka Machakos. Jeneza la msonobari likaletwa, likaegemezwa chini ya ngazi kwa sababu halikupita kwenye kona, na baada ya siku mbili watu wakawa wanaweka mitungi juu yake wakipumzika. Susu aliomba aelezwe rangi yake, akaridhika. Mwelu hakuwa amemwona mama yake akifurahi hivyo tangu amzike baba yake Mwelu na kununua runinga.

Jumatatu ya sehemu ya kumi na tatu Tassia ilinyamaza. Stima hazikupotea. Hata bomba la jirani wa ghorofa ya sita, lililodondosha maji kwa miaka minne, halikudondosha. Kwenye runinga, ndugu mkubwa alishika ufunguo wa duka la viatu, wenzake wakiwa nyuma yake, akautia kwenye kufuli. Susu alitafuta mkono wa Mwelu akaukamata.

Picha ikasimama. Maandishi yakapita chini yake: kwa sababu ya upendo mkubwa wa watazamaji wetu wa Eastlands, kipindi kitaendelea. Zinakuja sehemu nyingine mia mbili.

Mwelu alimpigia Kinyanjui asubuhi.

"Hongera!" alisema Kinyanjui. "Hakuna kipindi kipya kilichowahi kutazamwa hivi."

"Mtakimaliza lini?"

"Tutamalizaje kitu kinachotazamwa, mama?"

"Na tukiacha kutazama?"

"Hapo tutakikata." Alilisema kwa upole, kama anayemwelekeza mtu kituo cha basi.

Kamati ilikutana ngazini. Wekulo alisimama juu ya mtungi.

"Tukiangalia, hakiishi. Tukiwacha, kinakatwa. Sasa hii ni maneno gani?"

Mweka hazina akaombwa afunge kwa sala, akafunga. Ndugu wa Machakos waliondoka Jumatano kwa sababu walikuwa na kazi. Jeneza lilibaki.

Jumatatu iliyofuata Mwelu alimgeuza mama yake akatazama ukutani, kisha akamgeuza tena akatazama runinga. Akaipiga rimoti kwenye goti mara mbili, maana bila kupigwa haiwashi. Perez alisimama karibu na kitanda. Hanif alikuwa dirishani, kidole chake nje.

"Mwelu," alisema Susu. "Leo ni ya ngapi?"

"Ya kumi na nne, mwaitu."

"Zimebaki ngapi?"

Mwelu akachukua kitambaa akampangusa mdomo, akampangusa na paji la uso, ingawa halikuwa na jasho.

"Chache tu."

Susu akaitikia kwa kichwa. Akauma ncha ya leso, akavuta miguu yake pole pole hadi ukutani, ili Perez apate pa kuketi.