Radi Iliyomuua Mika

Mwezi wa pili, huku Isansa wilayani Mbozi, mvua kubwa huja mchana. Asubuhi jua huwaka vizuri hata mtu akaanika nguo, lakini ikifika alasiri mawingu hushuka kutoka milimani, meusi, na upepo hutangulia ukiilaza migomba.

Siku ile Ferista alikuwa jikoni kwake akimenya maharage pamoja na jirani yake Atuganile, mjane aliyeolewa hapo miaka mingi nyuma akitokea Ileje. Mashamba yao yalipakana. Wiki iliyotangulia, Mika, mume wa Ferista, alikuwa amekata migomba ya Atuganile kwa madai kwamba imevuka mpaka. Atuganile alisimama pale mpakani, watu wakipita kutoka kanisani, akasema, "Haya, Mika. Mungu anaona." Kisha akaenda zake. Sasa alikuwa amekuja jikoni kwa Ferista kwa sababu ugomvi ule ulikuwa umemchosha na alitaka uishe.

Upepo ulipoanza kugongagonga mabati, Mika alisimama mlangoni akaangalia juu.

"Namleta yule mbuzi aliyefungwa shambani," alisema.

"Mwache, baba Fausta," Ferista alimwambia. "Atalowa tu."

"Ana mimba yule." Akajifunika gunia kichwani, akatoka.

Mvua ya mawe ilianza kabla hajafika mbali. Ilipiga bati kwa kelele kubwa hivi kwamba wanawake wale wakawa wanaongea kwa ishara. Kupitia mlangoni waliona majani ya kahawa yakiruka pamoja na matunda mabichi, na maji mekundu yakishuka katikati ya mistari ya miche. Halafu mwanga mweupe ukajaa jikoni, na papo hapo ukasikika mpasuko uliotikisa sufuria kwenye kichanja. Atuganile alimshika Ferista mkono. Walikaa hivyo, wameshikana, mpaka mawe yalipopungua.

Mika hakurudi.

Walimkuta mwisho wa shamba, chini ya mparachichi uliochanika toka juu hadi chini. Alikuwa amelala kifudifudi, kamba ya mbuzi bado mkononi, na mbuzi mwenyewe amekufa kando yake. Shati lilikuwa limeungua mgongoni. Walipomgeuza, uso wake haukuwa na jeraha lolote. Atuganile ndiye aliyevua kitenge chake akamfunika, na ndiye aliyepiga yowe kuita watu.

Kaka yake Mika, Anyelwisye, alikuja kutoka Hasamba jioni ile ile. Alikuwa mtu mpole, na ndiye aliyemlea Mika baada ya wazazi wao kufariki. Alilia msibani mpaka watu wakaona aibu kumtazama. Kila aliyekuja kumpa pole alimuuliza swali moja: mlimani kuna miti mingi namna hii, kwa nini radi ipige ule aliosimama chini yake mdogo wangu? Mchungaji alimjibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Jibu hilo halikumtosha. Lililomtosha alilipata siku ya kumaliza msiba, pale mwanamke mmoja alipokumbusha maneno ambayo Atuganile alimwambia Mika mpakani.

Waliitana barazani kwa mwenyekiti wa kijiji. Atuganile alikaa chini, miguu ameinyoosha. Ferista ndiye aliyesimama.

"Shemeji," alimwambia Anyelwisye, "huyu mama alikuwa jikoni kwangu. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Najua, shemeji."

"Sasa alituma radi saa ngapi?"

"Alikuja kukaa nawe ili asishukiwe," Anyelwisye alisema taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Tangu lini alikuja kumenya maharage yako? Mume wako amemkatia migomba, naye anakuja kukusaidia kazi?"

Watu wakaguna wakikubali. Ferista akaona kila atakachosema kitageuzwa vivyo hivyo, akakaa.

Hakuna aliyempiga Atuganile. Waliacha tu kumsalimia. Kwenye mashine ya kusaga alikuta zamu yake haifiki. Kanisani benchi alilokalia lilibaki lake peke yake. Ferista aliendelea kwenda kwake, ila kwa kificho, akipita nyuma ya migomba, mpaka Anyelwisye alipomfuata.

"Sikukatazi," alisema. "Lakini ukiendelea, watoto wa ndugu yangu nitawachukua. Siwezi kuwaacha wakae karibu na kitu kilichomuua baba yao." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Ferista alijua hatanii.

Mwezi wa tatu upepo ulirudi, safari hii bila mawe, ukang'oa paa la Atuganile lote. Mabati yalitawanyika hadi kwenye mto. Ferista alisimama mlangoni kwake akimtazama Atuganile akiyaokota moja moja kwenye mvua, akiyaburuta, upepo ukimgeuza. Nyuma yake Fausta, binti yake mkubwa, alimshika nguo.

"Usiende, mama."

Hakwenda. Siku chache baadaye nyumba ile ilikuwa tupu.

Kahawa ya mwaka ule haikuwapo. Mawe yalikuwa yamemaliza kila kitu. Ferista aliishi kwa kuuza maparachichi ya watu wa vijiji vingine, akiyapeleka Tunduma kwa gari la mizigo. Shamba la Atuganile hakuna aliyethubutu kulilima. Anyelwisye mwenyewe alilikwepa, na magugu yakapanda mpaka dirishani.

Radi zilianza tena mwezi wa kumi na moja. Kila zilipopiga, Fausta na wadogo zake walijificha chini ya kitanda. Ferista aliwaambia ni mvua tu. Lakini alijikuta, kila mwanga ulipopita, akijiuliza Atuganile yuko wapi saa hii, na kama ana hasira. Alijichukia kwa hilo. Hata hivyo aliendelea kujiuliza.

Siku moja alimwona Atuganile huko Tunduma, sokoni karibu na mpaka wa Zambia, akiuza dagaa juu ya turubai. Alikuwa amekonda. Ferista aliweka kapu chini na kuchutama mbele yake.

"Mama Fausta," Atuganile alisema. "Watoto wazima?"

"Wazima. Ulikuwa wapi? Nimekuulizia sana."

"Nipo tu. Leo huku, kesho Nakonde, ng'ambo ya mpaka." Alipanga dagaa wake upya, ingawa walikuwa wamepangika. "Nina neno nataka nikuulize. Wenzako waliamini kwamba ni mimi. Wewe je?"

Ferista alikumbuka mkono ule jikoni, ulivyokuwa wa moto. Akakumbuka pia usiku wa juzi, radi ikipiga, na jina lililomjia kichwani.

"Hapana," alisema.

Atuganile alimtazama bila hasira.

"Umechelewa kujibu, mwenzangu," alisema.

Mteja kutoka upande wa Zambia alisimama nyuma ya Ferista. Atuganile aliinua uso, akamwamkia kwa Kibemba, akaanza kumpimia dagaa kwa kikopo. Ferista alingoja mteja aondoke, lakini akaja mwingine, na mwingine tena, na Atuganile hakumgeukia. Mwishowe alibeba kapu lake akaenda stendi. Magari ya Mbozi yalikuwa yanajaa haraka, maana mawingu yalishaanza kushuka milimani na kila mtu alitaka kufika kwake mapema.