Theluji ya Meza Namba Sita

Saa moja na nusu asubuhi Phelista alipangusa meza ya langoni, akafungua kitabu cha wageni, akachora mistari ya siku hiyo kwa rula iliyovunjika ikabaki nusu. Safu ya kwanza ilikuwa ya jina, ya pili unatoka wapi, ya tatu sababu ya kuja, ya nne maoni, na ya mwisho majibu ya usimamizi. Alipomaliza aliweka jiwe juu ya ukurasa kwa sababu ya upepo. Hatua nne nyuma ya kiti chake theluji ilikuwa ikianguka, kama ilivyoanguka kila siku tangu Machi ya mwaka juzi. Upande wake yeye jua lilikuwa limetoka na kuku walikuwa wakichakura.

Kilima hakikuwa kikubwa. Mtu aliyezoea mashamba ya upande wa Elgon angekiita mwinuko tu. Kilikuwa nje kidogo ya Kitale, na kabla ya theluji kilikuwa cha mahindi. Baba yake Phelista, marehemu Wabwile, alinunua hapo ekari tano kutoka kwa mzee Kiplagat. Wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari, kisha wakapanda miti ya lusiola mpakani, mstari mmoja kutoka barabarani hadi kijitoni. Ng'ambo ya miti hiyo lilikuwa shamba la Mukhisa, kaka yake mkubwa Wabwile.

Wabwile alipofariki, wazee waliketi siku ya tatu baada ya mazishi kuzungumzia mali yake, na Mukhisa akasema atamlindia mjane shamba. Wazee wakashukuru. Alililinda vizuri. Kwanza aliilinda ile karatasi ya daftari, akaifungia kabatini kwake. Halafu akaikata miti ya lusiola, yote thelathini na miwili, akasema hapo hapakuwahi kuwa na mpaka; shamba ni moja, ni lake, na ndugu yake alikuwa akijilimia tu kwa hisani. Mjane, Nasimiyu, aliachiwa nyumba iliyo kando ya barabara na mahali pa kupanda sukuma wiki. Kilima chote kilichobaki kikazungushiwa waya.

Siku shina la mwisho la lusiola lilipong'olewa, theluji ilianza.

Ilianguka kwenye ekari tano za Wabwile, haikuzidi. Ilifuata mashimo ya ile miti moja baada ya jingine kama mtu amenyoosha kamba. Juu ya nyumba ya Nasimiyu ilianguka. Juu ya ng'ombe wa Mukhisa aliyekuwa amefungwa penye mashimo hayo ilianguka nusu, upande wa kichwa. Majirani walikuja wakatazama, wakasema siku hizi hali ya hewa imebadilika, wakaulizana kama mbolea imefika. Afisa mmoja wa mazao alileta kile kifaa cha kupimia unyevu wa mahindi, akakichomeka kwenye theluji, akaandika kwamba haijakauka vya kutosha na haiwezi kupokelewa ghalani.

Mukhisa hakuwa mtu wa kupoteza wakati. Mwanawe Ian alikuwa amesomea mambo ya hoteli Nairobi. Magogo ya lusiola yalikuwa bado yamelala nyuma ya zizi. Fundi mmoja wa Kipsongo akayapasua mbao, akazikunja ncha kwa mvuke wa sufuria ya githeri, akazifunga mipira ya tyubu za bodaboda ya kushikilia miguu. Zikapatikana jozi arobaini za mbao za kutelezea kwenye theluji. Makoti na gambuti yalitoka kwenye mitumba. Ukumbi wa kulia ulijengwa haraka, na kwa kuwa Mukhisa alikuwa ameshasema hakuna mpaka, aliujenga juu ya mpaka. Theluji haikujali mabati. Ndani ya ukumbi ilianguka kutoka darini, upande wa kilima tu, na ukingo wake ulipita katikati ya meza namba sita.

"Hiyo meza ndiyo watu wanapigania," Ian alimwambia Phelista. "Mmoja anaketi kwa joto, mwenzake anaketi kwa theluji, wanapeana chumvi. Si hata Nairobi hakuna?"

Phelista alipewa lango. Aliishia darasa la nane, lakini Mukhisa alisema kazi ya lango inataka mtu mwenye mwandiko mzuri na maneno machache.

Wageni walikuja, kutoka Bungoma, kutoka Webuye, kutoka Eldoret. Walianguka, wakainuka, wakapigwa picha, kisha wakaandika, maana mtu wa huku ukimpa kitabu kilichochorwa mistari hawezi kuacha safu tupu. Mwalimu Noah wa Bungoma aliandika: "Theluji ni safi ila ni baridi. Usimamizi uangalie hilo." Ian akajibu: "Tunalishughulikia." Chepngeno, aliyekuja na chama cha akina mama, aliandika kwamba ameanguka mara tisa na hakuna mfanyakazi aliyemwambia pole. Ian akajibu: "Pole mara tisa." Kipchirchir na Lorna, waliopitia hapo kutoka kwenye harusi yao, walilalamika kwamba gauni halikuonekana kwenye picha, bwana harusi alionekana kama amemshika mtu hewa. Kikundi cha kanisa kutoka Lugulu kiliomba Jumapili theluji ingoje ibada iishe. Mgeni mwingine ambaye hakuandika jina alisema kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa ile nyumba ya kando ya barabara, ambako kuna mama anapika kwa kuni na hachekei wageni.

Mama huyo alikuwa Nasimiyu.

Kijito kilikuwa chini ya kilima, ndani ya waya. Akitaka maji ilibidi apitie langoni, na sheria ya lango ilikuwa kila anayeingia aandike. Basi kila asubuhi alikuja na mtungi wake wa manjano, akasimama mbele ya bintiye, akachukua kalamu.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka tu. Leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

Jina: Nasimiyu Wabwile. Sababu ya kuja: maji. Unatoka wapi: Hapa.

Jioni Ian alipopitia kitabu alilikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, akaandika Lugulu, ambako Nasimiyu alizaliwa na kuondoka akiwa na miaka kumi na tisa.

"Mama mdogo," alimweleza siku moja kwa upole, "mgeni hawezi kutoka hapa. Inaharibu rekodi."

"Sawa, mwanangu. Wewe andika yako, mimi naandika yangu."

Nasimiyu alikuwa amekwenda kwa chifu. Chifu alimsikiliza, akamwambia suala la shamba ni la ofisi ya ardhi. Ofisini kijana wa dirishani alimuuliza kama ana karatasi.

"Karatasi iko kwa kabati ya shemeji."

"Basi lete kitu kingine kimeandikwa."

"Na theluji si mnaiona?"

"Theluji tunaiona, mama. Lakini si haijaandikwa?"

Alirudi akamsimulia bintiye, akaenda kupalilia sukuma wiki zilizoganda. Kesho yake Phelista, alipokuwa akichora mistari, aliibana safu ya maoni kidogo akapata nafasi ya safu moja zaidi. Juu yake akaandika: Theluji inaanzia wapi na inaishia wapi?

Ian aliiona akafurahi. "Hapo umefikiria, dada. Wageni wanapenda kuulizwa."

Nao waliulizwa, nao walijibu. Mwalimu Noah aliporudi na darasa lake aliandika kwamba inaanzia kijitoni na kuishia katikati ya meza namba sita. Chama cha akina mama kiliandika hivyo hivyo, kila mama kwa mkono wake. Dereva wa lori aliyekuja tu kuuliza njia alipewa kalamu, akageuka akatazama, akaandika hivyo hivyo. Wengine walitaja hata mashimo ya miti, wakasema usimamizi uyafukie kabla mtu hajavunjika mguu. Miezi minane ikapita. Vitabu vikajaa sita. Phelista aliviweka ndani ya sanduku la bati, akavifunika kwa leso ya mama yake, akangoja.

Mnamo Novemba maafisa wa ardhi walikuja kwa semina ya siku mbili kuhusu utatuzi wa migogoro ya mipaka. Mkubwa wao alikuwa mpimaji aitwaye Hillary Kipngetich, mtu mpole wa miwani, ambaye alipewa meza namba sita kwa heshima yake. Aliketi upande wa theluji, akawekewa kuku. Mukhisa aliketi ng'ambo, upande wa joto, akimmegea ugali.

Phelista aliingia na vitabu sita vimefungwa kwenye leso, akaviweka kati yao, pembeni mwa mchuzi. Nasimiyu alibaki mlangoni na mtungi wake.

"Hii ni nini, dada?" Hillary aliuliza.

"Ni maandishi, mzee. Ofisi yenu ilisema tulete kitu kimeandikwa."

Hillary alinawa mikono, akavaa miwani, akaanza kusoma. Hakuruka ukurasa. Theluji iliangukia karatasi, akawa anaipangusa kwa kitambaa cha mezani. Maafisa wengine walimaliza kula, wakaomba chai, wakaimaliza. Alipofika kitabu cha sita aliinua macho.

"Bwana Mukhisa, haya ni ya kweli?"

"Ni ya kweli kabisa," Mukhisa alisema huku akichokonoa meno. "Watu wameandika vile wameona. Mimi sijakataa theluji. Nimekataa mpaka."

Hillary aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu kamili.

"Kazi nzuri sana," alimwambia Phelista. "Watu elfu mbili na zaidi, na hakuna aliyepishana na mwenzake hata hatua moja. Miaka ishirini napima mashamba, sijawahi kupata ushahidi umenyooka hivi. Na huu mwandiko wa vichwa ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Uko sawa sana."

Phelista alimtazama mama yake. Nasimiyu aliuweka mtungi chini.

Hillary alimwomba kalamu, akafungua kitabu cha siku hiyo, akaandika bila haraka. Jina lake. Anatoka ofisini. Sababu ya kuja: semina. Theluji inaanzia wapi na inaishia wapi: kijitoni hadi katikati ya meza namba sita. Hapo akatua, akaweka hata nukta. Kwenye safu ya maoni alifikiri kidogo, akatazama bega lake la kushoto lililokuwa jeupe na la kulia la Mukhisa lililokuwa kavu. Kisha akaandika: "Meza isogezwe."

Ilisogezwa kabla chai ya saa kumi haijaletwa. Wanaume wanne waliibeba mpaka upande wa joto, hatua mbili kutoka kwenye theluji, na semina ikaendelea. Ian aliandika kwenye majibu ya usimamizi: "Imetekelezwa." Nasimiyu aliuchukua mtungi wake akateremka kijitoni, kwa kuwa alikuwa bado hajateka maji. Kuanzia kesho yake wageni waliandika kwamba theluji inaishia hatua mbili kutoka meza namba sita, na wachache waliuliza kwa nini meza hiyo isirudishwe ilipokuwa.

Desemba ilipofika Ian alitaka kutoa tuzo. Alihesabu majina kwenye vitabu vyote, akakuta mgeni mmoja amekuja mara mia tatu na arobaini na moja. Akachapisha cheti chenye mpaka wa rangi ya dhahabu. Siku yenyewe kulikuwa na maombi ya kufungua, hotuba ya Mukhisa, na soda. Wageni walisimama kilimani na mbao zao kwapani.

"Mgeni Bora wa Mwaka," Ian alisoma, "ni Nasimiyu Wabwile wa Lugulu."

Watu walipiga makofi. Mukhisa alimpa mkono.

"Shemeji, karibu sana. Jisikie uko nyumbani."

"Asante, shemeji."

Zawadi ilikuwa kuteleza mara moja bila kiingilio. Nasimiyu alipewa jozi ya mbao, akazigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye kovu moja lililokuwa karibu na ncha.

"Hii ni ya ule mti nilikuwa nafungia kamba ya nguo," alimwambia Phelista. "Ona, kamba ilikula hapa."

"Utaanguka, mama?"

"Nitaanguka wapi?"

Alijifunga leso kiunoni, akashika mtungi kwa mkono mmoja, akashuka. Hakwenda katikati ya kilima walikokwenda wengine. Alifuata ukingo wa theluji, shimo kwa shimo, thelathini na mawili, akapita ndani ya ukumbi kwa mlango mmoja akatokea kwa mwingine, watu wa meza namba sita wakavuta viti kidogo kumpisha. Alisimama kijitoni bila kuanguka. Akateka maji. Alipopanda kurudi, alama za mbao zake zilikuwa zimeshafunikwa, na mgeni mmoja kutoka Webuye aliandika kwamba angependa kuona mchezo huo tena.

Langoni Nasimiyu alitua mtungi, akaweka cheti juu ya meza, akakisoma chote, akiwa na kalamu mkononi.

"Ian, hiki cheti ni changu?"

"Ni chako kabisa, mama mdogo."

"Hakuna mtu atanilindia?"

"Hapana. Ni chako."

Nasimiyu alikata neno Lugulu kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Hapa. Akakikunja mara mbili, akakitia kifuani. Halafu akainamia kitabu akasaini kutoka, neno lile lile kwenye safu ile ile, akajitwika mtungi, akaenda zake kwenye nyumba yake iliyokuwa na theluji juu ya paa.

Ian alitoa kalamu nyekundu mfukoni. Phelista alimsogezea kitabu, akangoja amalize, akaupuliza wino ukauke, kisha akafungua ukurasa mpya na kuchora mistari ya kesho.