Karani wa Kisogoni

Jana usiku niliota kisogo changu kina mlango. Nikaingia bila hodi. Kisogo ni changu, nibishe hodi kwa nani?

Ndani ameketi karani. Mezani ana mchoro wa mkono wangu wa kulia, mzima na mwepesi, kama ulivyokuwa kabla ya kiharusi.

"Bi Mwanaidi, miezi mitano sijakuona," anasema. "Kazi yangu kutabiri. Kabla mkono haujainuka, nimeshaandika utatua wapi. Ukitua kwingine, nasahihisha mchoro. Lakini hujaniletea kosa hata moja! Nitajifunzia nini?"

"Natumia wa kushoto, tena kwa kujificha," nikamjibu. "Jumapili wakwe wanakuja kwa ajili ya binti yangu Salha, na tutakula sinia moja. Nile kwa kushoto mbele ya wakwe? Bora nijifungie jikoni niseme kichwa kinaniuma."

Ukutani pameandikwa: Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nusu ya pili imekatwa kwa wino mwekundu.

Nageuka, ofisi imekuwa sebule yangu. Mama yake mchumba wa Salha ameketi mkekani. Mkono wangu wa kulia umeshika tonge la wali.

"Twende wapi?" linauliza tonge.

"Mdomoni."

Linatua sikioni mwa mkwe. Natamani ardhi inimeze. Karani anapiga makofi na kusogeza mchoro wake kidogo.

"Mkwe wangu, usiache," anasema yule mama, bila hata kujipangusa. "Sikio la pili bado tupu."

Narudia. Mtandio wake. Bega langu. Shavu langu.

"Tunakaribia," linasema tonge, limechoka lakini lina adabu.

Mara ya arobaini linaingia mdomoni. Nalia mbele za watu wala sijali. Wali ule ulikuwa mtamu, jamani.

Nikaamka. Mbu alikuwa ameniuma mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, na pale alipouma palikuwa panakunwa. Nikatazama: vidole vilivyokuwa vikikuna ni vya kulia. Pembeni kulikuwa na mikwaruzo mitatu mipya ya kucha, kila mmoja karibu zaidi na kipele kuliko uliotangulia.

"Salha!" nikaita. "Jumapili uniwekee nafasi kwenye sinia."

"Mama, si utamwaga?"

"Nitamwaga sana, mwanangu."