Vikombe vya Pipa

Nilipohitimu uuguzi wa wanyama niliamini kwamba nikipewa chumba, mizani na nusu saa kwa kila mgonjwa, mengi yatabadilika. Daktari wetu alinipa chumba kilichokuwa kimejaa maboksi ya dripu, pamoja na sharti.

"Jumatano ni zako," alisema. "Pima, shauri, fundisha, mimi siingilii. Ila baada ya wiki sita, mbwa wa fundi cherehani asipopungua, maboksi yanarudi."

Mbwa huyo aliitwa Pipa, na jina hilo halikumwonea. Kilo thelathini na nane. Akikaa, ulishindwa kujua kama amekaa au bado amesimama.

Mara ya kwanza aliletwa na fundi mwenyewe. Nikampa kikombe cha plastiki chenye mstari mwekundu: kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Baada ya wiki mbili akaletwa na mke wa fundi, na kilo moja imeongezeka. Nikamfundisha upya, nikampa kikombe. Wiki ya nne akaletwa na bibi, mama yake fundi, na kilo nyingine juu. Nikamfundisha kwa upole, nikampa kikombe, na mstari nikaunenepesha kwa sababu ya macho yake.

Jumatano ya mwisho walikuja wote watatu. Daktari alisimama mlangoni, mikono mifukoni. Pipa akapanda kwenye mizani bila kusukumwa, kama mgeni rasmi anayepanda jukwaani.

Kilo arobaini na moja.

Fundi alimgeukia mama yake. "Mama, unampa makombo, si ndiyo?"

"Makombo gani? Mimi nampa kikombe changu asubuhi nyie mkiwa mmelala, na kikombe changu jioni kabla hamjarudi. Sizidishi hata punje."

Mke wa fundi akageuka polepole. "Kikombe chako, mama?"

"Changu. Nesi alinipa." Akakitoa kwenye mkoba, kimefungwa kwenye leso.

"Mbona changu kiko juu ya friji?"

"Na changu," fundi akasema, sauti imemwishia, "kiko pale kwenye cherehani."

Pipa alijilamba pua. Mimi nilikuwa napiga hesabu: vitatu asubuhi, vitatu jioni, vyote vimepimwa barabara hadi kwenye mstari. Masikio yalinichemka.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nimetoa vikombe vitatu kwa nyumba moja, na sikuuliza hata mara moja nani mwingine anamlisha."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia meza, mkwe akafuata, na fundi akajifuta machozi kwa utepe wake wa kupimia nguo. Nilijaribu kukaza uso mbele ya mkuu wangu, lakini kicheko kikanitoka puani.

Daktari hakucheka. Alikichukua kikombe cha bibi, akautazama ule mstari mnene.

"Miaka ishirini nawaandikia watu maelekezo," alisema, "na wanayasahau kabla hawajafika getini. Wewe yako yamefuatwa mara tatu."

"Lakini hajapungua, daktari."

"Atapungua. Hawa watu wanakusikiliza. Maboksi nitayatafutia pengine." Akatoka.

Nyuma yake ugomvi ulikuwa umeshawaka.

"Kitakachobaki ni changu," bibi alisema. "Mimi ndiye ninayeamka mapema."

"Mama, wewe huoni mstari."

"Nauona vizuri kuliko wewe unavyoona tundu la sindano."

Nikaandika kwenye kadi ya Pipa: nyumba moja, kikombe kimoja, mlishaji ni bibi. Nikawasindikiza, nikafunga mlango, nikarukaruka katikati ya chumba changu kama ndama aliyefunguliwa kamba. Kisha nikanyoosha koti, nikafungua mlango, na kwa sauti ya mtu mzima kabisa nikamwita mwenye sungura.